Steringi Hafi: Kwa Nini Mwisho wa Riwaya Hubadilika Ikigeuzwa Sinema

"Shikamoo, Mwalimu. Nipo Moshi, naandika skripti ya filamu fupi ya dakika 25 kutokana na kitabu cha baba yangu mdogo, mwalimu mstaafu, alichokichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala 300. Ni hadithi ya mwaka 2091. Theluji ya Kibo imekwisha, mifongo, ile mifereji yetu ya maji, imekauka, na kampuni imeweka mtambo wa kuvuta mawingu pale kwenye uwanda kati ya Kibo na Mawenzi. Manka, fundi wa mtambo huo, anagundua kwamba mvua inayoshuka kwetu upande wa Moshi inaporwa kutoka Rombo, alikoolewa dada yake. Kitabu kinaishia ameweka mkono kwenye swichi, anawaza kurasa 4 nzima, na hatujui kama aliizima. Wenzangu wanataka aulipue mtambo, theluji irudi. Baba mdogo amesema nikigusa ukurasa wa mwisho nisimwite tena baba. Na mimi mwenyewe nilishawahi kuudhika: nilisoma riwaya ya I Am Legend, kisha nikaangalia sinema yake, nikaona wameua kitabu. Kwa nini waongozaji hufanya hivi, hasa kwenye hadithi za kisayansi? Ni pesa tu? Na mimi nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, maana humo ndani mna skripti nzuri kuliko unavyodhani.

Nikikuelewa sawasawa, kinachokunyima usingizi si Hollywood. Unaogopa kwamba wewe uliyewalaani watu kwa kuua kitabu, sasa umeshika kisu kilekile, na kitabu kilichoko mezani ni cha baba mdogo. Basi tuanze na hao wa mbali. Ukielewa walifanya nini na kwa nini, lako litakuwa jepesi. Jepesi kidogo, nisikudanganye.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapa Arusha, kulikuwa na kibanda umiza Ngarenaro tulichokuwa tukijazana Jumapili mchana. Mabenchi ya mbao, televisheni moja imefungiwa juu ndani ya kisanduku cha nondo, magunia madirishani kuzuia mwanga, na pembeni kijana mwenye maikrofoni anayetufasiria. Siku hiyo ilikuwa picha ya mambo ya angani, na steringi akafa. Akafa kweli, dakika ya mwisho, majina yakaanza kupanda. Kibanda kikachafuka. Watu wakadai hela zao, maana kila mtu anajua steringi hafi. Mfasiri hakubishana na mtu. Alirudisha mkanda nyuma kidogo, akausimamisha pale jamaa amelala chini, akasema kwa utulivu kabisa: "Hapa amezimia tu, ndugu zangu. Sehemu ya pili anaamka hospitali." Tukanyamaza. Tukatoka tumeridhika. Sehemu ya pili haikuwahi kuwepo.

I Am Legend yako ilipata mfasiri wa namna hiyohiyo, ila wa gharama kubwa zaidi.

Kumbuka kitabu kinavyokwenda. Richard Matheson alikitoa mwaka 1954. Robert Neville ndiye mtu wa mwisho ambaye gonjwa halijampata. Usiku mumiani wanaizingira nyumba yake Los Angeles, mchana yeye anazunguka na vigingi vya mbao akiwaua wamelala. Sisi wasomaji tunamshangilia. Mwishoni ndipo tunapojua kwamba miongoni mwa aliokuwa akiwaua walikuwamo waliokwisha kupata dawa ya kuutuliza ugonjwa wao, watu wanaojenga jamii mpya, na kwao yeye ndiye zimwi linalopita mchana na kuacha maiti kitandani. Wanamkamata. Anawatazama kupitia dirishani, anaona wanavyomwogopa, anaelewa, anakufa.

Sinema ya 2007 inamchukua Neville huyo, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda, inamfanya daktari wa jeshi, mtaalamu wa virusi, na chini ya nyumba yake New York inampa maabara. Hapo ndipo mwisho ulipobadilika, mapema kabisa, wewe ukiwa bado unafungua karanga. Kitabu kinauliza zimwi ni nani. Sinema inauliza kama dawa itapatikana. Ukishampa mtu maabara, mtazamaji anakaa anasubiri dawa, kama anayesubiri ugali baada ya kuona maji yanachemka jikoni.

Na hapa kuna jambo ambalo huenda hulijui. Mwongozaji Francis Lawrence alipiga kwanza mwisho uliokaribia kitabu. Kiongozi wa wale wagonjwa anavamia maabara kumfuata mwanamke wake, ambaye Neville alimkamata ili amfanyie majaribio. Neville anatazama ukutani, zimebandikwa picha za wote aliowajaribia dawa. Anaelewa yeye ni nani machoni pa hawa. Anamrudisha yule mwanamke na kuomba radhi. Mwisho huo wakauonesha kwa watazamaji wa majaribio. Huko ni kawaida: kabla filamu haijatoka, hualikwa watu tu wa mitaani, wanaangalia, wanajaza fomu. Hawa hawakuupenda. Ikabidi upigwe mwingine, ndio ulioingia kwenye majumba ya sinema: Neville anajilipua kwa guruneti pamoja na wavamizi, na mwanamke aliyenusurika anapeleka dawa kwenye kambi ya manusura huko Vermont. Steringi amekufa, lakini kishujaa, na dawa ipo. Ule wa kwanza ulikuja kutoka baadaye kwenye DVD, utafute.

Watu husema wale wajaza fomu walikuwa wajinga. Mimi nawatetea. Kwa saa moja na nusu walioneshwa majitu yanayopiga mayowe na kugonga vichwa ukutani, halafu dakika za mwisho wakaambiwa kumbe yanapendana. Walipewa jibu la swali ambalo hawakuulizwa. Ndiyo maana wanafunzi wangu wakinijia na malalamiko kama yako huwaambia wauache ukurasa wa mwisho kwanza, warudi nyuma watafute ni wapi swali lilibadilishwa. Mara nyingi ni ndani ya dakika 20 za mwanzo, na aliyelibadilisha hakujua kwamba ameshaugusa mwisho.

Sasa, kwa nini hadithi za kisayansi zinaumia kuliko nyingine? Riwaya ya mapenzi mwisho wake ni watu: wameoana, wameachana, mmoja kafa. Kamera inaweza kupiga harusi, inaweza kupiga jeneza. Riwaya ya kisayansi mara nyingi mwisho wake ni wazo linalopindua yote uliyokwisha kusoma. Wazo linakaa kichwani, na kamera haiingii kichwani mwa mtu. Inabaki nje ya fuvu, inakodoa macho.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Mfaransa Pierre Boulle na kitabu chake cha 1963 kilichozaa Planet of the Apes. Kitabu kinaanza na wapenzi wawili wanaotalii angani kwa chombo chao. Wanaokota chupa inayoelea, ndani mna maandishi, wanaanza kuyasoma. Maandishi hayo ndiyo hadithi yenyewe: binadamu aliyefika sayari ambako nyani ndio wenye akili na watu ndio wanyama wa kuwindwa. Mwishoni anarudi duniani, chombo kinatua Paris, na afisa anayekuja kuwapokea ni sokwe. Hapo hadithi ya kwenye chupa inaisha, na Boulle anaturudisha kwa wale wapenzi wawili. Wanacheka. Binadamu mwenye akili? Haiwezekani. Ndipo tunapogundua kwamba nao ni sokwe, tangu mwanzo.

Jaribu kuupiga huo mwisho kwa kamera. Huwezi! Kwenye karatasi mwandishi anaweza kukuficha sura ya mtu kitabu kizima, kwa kutoisema tu. Kwenye sinema, picha ya kwanza ya wale wapenzi inamaliza kila kitu. Kwa hiyo waandishi wa skripti, Rod Serling na Michael Wilson, hawakuwa na hiari, na walichokiweka badala yake kwenye filamu ya 1968 ndicho dunia nzima inachokumbuka: mtu yupo ufukweni juu ya farasi, anaona kitu kimefukiwa mchangani, anashuka, anapiga magoti. Ni Sanamu ya Uhuru ya New York. Hakuwa sayari ya mbali. Alikuwa nyumbani siku zote, na watu wenyewe ndio walioiteketeza dunia yao. Miaka hiyo hofu ya mabomu ya nyuklia ilikuwa mezani pa kila familia ya Marekani, na sanamu ile ilisema jambo zima bila mtu kuhutubia. Boulle alitaka tucheke binadamu wanavyojiona. Sinema ilitaka tuogope. Tofauti ni kubwa, lakini mimi siwezi kusema wameua kitabu. Walikuta mlango umefungwa, wakapita dirishani.

Hata Kiswahili chetu kina mtego wa namna hii. Katama Mkangi, katika riwaya yake ya 1995, anampeleka Dzombo kwenye nchi ya ajabu iitwayo Walenisi. Msomaji anakutana na jina hilo kwa macho, analitazama, analikata vipande mwenyewe: wale ni sisi. Furaha yote ipo kwenye kukata. Kwenye sinema jina litasikika tu, tena haraka, na ama mtazamaji hatalikamata kabisa ama itabidi mtu amtafunie. Namsubiri kwa hamu mwongozaji atakayejaribu.

Kuna na mabadiliko madogo yanayofanywa ili wazo lilelile libaki zima. Ted Chiang aliandika hadithi fupi mwaka 1998 ambayo mwaka 2016 iligeuzwa filamu ya Arrival. Mwanamke anajifunza lugha ya wageni kutoka angani, na lugha hiyo inamfanya aujue wakati ujao kama sisi tunavyojua jana. Anajua atazaa binti na binti atakufa, na bado anamzaa. Kwenye hadithi, binti anakufa na miaka 25 kwa ajali ya kukwea miamba. Kwenye filamu anakufa kwa ugonjwa angali kijana. Kwa nini wabadilishe? Hebu mweke mtazamaji wa Moshi, mwenye mjomba mpagazi, mbele ya ajali ya mlimani. Swali lake la kwanza: kama mama alijua, mbona hakumkataza kupanda siku hiyo? Na filamu imekwisha, maana mtazamaji sasa anabishana na mama badala ya kulia naye. Kwenye karatasi Chiang ana nafasi ya kukuandaa taratibu kuhusu hiari na kujua. Filamu haina nafasi hiyo. Ugonjwa usio na tiba unafunga mlango wa ubishi. Kifo kimebadilika ili swali lisibadilike, na mimi hapo navua kofia.

Umeuliza kama ni pesa tu. Pesa ipo, na nani anaishika ni jambo ambalo watu hulikosea: wanamlaumu mwongozaji, wakati mara nyingi mwongozaji ndiye wa kwanza kulia. Chukua Blade Runner ya 1982, iliyotokana na riwaya ya Philip K. Dick ya 1968. Ridley Scott aliimaliza kwa mashaka: mwanamume na mwanamke wanaingia kwenye lifti, mlango unafungwa, basi. Watazamaji wa majaribio walitoka wamechanganyikiwa, na wenye fedha wakaamua aongezwe msimulizi wa kueleza mambo, na mwishoni wawili hao waonekane wakiendesha gari kwenye milima ya kijani. Picha za milima hiyo zilizopigwa kutoka angani hazikuwa hata zao. Waliazima mabaki ya The Shining ya Stanley Kubrick, filamu ya kutisha isiyohusiana kabisa! Mwaka 1992 likatoka toleo lisilo na msimulizi wala milima, na leo wapenzi wengi wa filamu hiyo wanalihesabu hilo, pamoja na lile la 2007, kuwa ndiyo filamu yenyewe. Riwaya ya Dick, kwa taarifa yako, inaishia kwa chura. Anaokotwa jangwani, anadhaniwa yu hai, kumbe ana kifuniko tumboni na ndani ni nyaya. Chura huyo hakuweza kuingia kwenye mwisho wowote wa sinema kwa sababu ile hamu ya watu kumiliki mnyama aliye hai, iliyojaa kitabuni, sinema ilikuwa imeiweka kando tangu mwanzo. Unaona? Tumerudi palepale.

Usiamini pia kwamba sinema daima inalainisha. The Mist ya Stephen King ya 1980 inaishia gari likiendelea ndani ya ukungu uliojaa viumbe vya kutisha, na tumaini kidogo. Frank Darabont, kwenye filamu yake ya 2007, anaifikisha gari mahali mafuta yanapoisha. Watu ni watano, risasi ni nne. Baba anawaua wenzake, mwanawe wa kumzaa akiwamo, ili wasiliwe hai. Anashuka ajitoe kwa majitu. Kinachotoka kwenye ukungu ni vifaru vya jeshi la uokoaji. Darabont alikubali bajeti ndogo ili asiguswe mwisho huo, na King alisema wazi kwamba ameupenda. Mimi niliiangalia mara moja. Sirudii.

Na wakati mwingine mwongozaji hakubadilisha chochote. A Clockwork Orange ya Anthony Burgess, 1962, ina sura 21. Mchapishaji wa Marekani aliikata ya mwisho, ile ambayo kijana mkatili anakua na kuchoshwa na ukatili wake. Kubrick akatengeneza filamu yake ya 1971 kwa kufuata toleo lililokatwa. Kabla hujamzomea mtu, angalia ameshika nakala gani.

Haya, twende mlimani.

Swali la kitabu cha baba mdogo ni lipi? Kwa ulivyonisimulia, si kama mvua itarudi. Mvua ipo tele, Moshi. Swali ni maji ya mlima ni ya nani, na utafanya nini ukijua kwamba shibe yako ni njaa ya dada yako. Nililiandika hilo pembeni ya barua yako na kulipigia mstari.

Wenzako wakilipua mtambo, wanajibu swali jingine. Wanajibu "je, adui atapigwa?" na adui anakuwa kampuni. Mara Manka amekuwa shujaa, watu wa Moshi wamekuwa wahanga, na lile jambo chungu, kwamba wao ndio waliokuwa wakinywa, limeyeyuka. Wasomaji wa baba mdogo watauona wizi huo hata kama hawataweza kuueleza. Halafu theluji irudi vipi? Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ramani ya 1912, hilo limeandikwa na waliopima, na wale wapagazi wa Marangu waliozeeka watakuambia bila kipimo. Ni barafu ya maelfu ya miaka. Mtazamaji wa Kilimanjaro hawezi kuoneshwa kwamba inarudi asubuhi moja baada ya mlipuko, akaamini. Na nikuulize kwa upole, mna bajeti gani ya mlipuko? Nimeona milipuko ya filamu za laki tano. Inafanana na boksi la kiberiti.

Lakini na baba mdogo, heshima yake iko palepale, hawezi kupata ukurasa wake kama ulivyo. Kurasa 4 za mawazo, ukizitoa kwa kamera, ni mwanamke amesimama. Msimulizi akizisoma zote itakuwa theluthi ya filamu yako. Utasema basi tukate: mkono kwenye swichi, skrini nyeusi, mwisho. Niliwahi kuandika filamu fupi iliyoishia hivyo. Tukaionesha kwenye ukumbi mmoja hapa Arusha, skrini ikawa nyeusi pale nilipotaka watu washike pumzi. Kimya. Kisha mama mmoja nyuma akasema kwa sauti: "Jamani, wameukata tena." Nusu ya ukumbi ikawasha tochi za simu. Waliamini umeme umekatika, wakakaa wakiusubiri urudi. Nami nilikuwa mlangoni nikipokea pongezi ambazo hazikuja. Sasa wewe una swichi hasa kwenye picha, mwanangu. Fikiria.

Njia ya pili ni Manka amweleze mtu, labda mlinzi wa zamu. Inafanya kazi, na ni rahisi kupiga, lakini ina hatari ya kugeuka hotuba. Mlinzi ataishia kuuliza maswali ambayo hakuna mlinzi anayeuliza. Ukiichagua, mpe mlinzi shida zake mwenyewe. Awe anatokea Rombo.

Njia ya tatu ndiyo ningeifanya mimi, na mbegu yake ipo kwenye kitabu cha baba mdogo bila shaka, kwa sababu hakuna Mchaga mzee anayeandika kuhusu ndugu waliokoseana asiutaje mmea huu. Isale, ambalo kwa Wachaga jani lake ni la kuombea radhi. Lionekane mapema, dakika mbili za mwanzo: mpaka wa kihamba cha bibi, lile shamba la nyumbani, masale yamesimama wima ingawa mfongo pembeni yake ni mkavu. Bibi akate jani, alifunge fundo, ampe jirani waliyegombana naye, na jirani apokee kwa sababu isale halikataliwi. Sekunde 20, bila maelezo. Mtazamaji wa Moshi anajua tayari, na wa Lindi au Unguja ameoneshwa.

Kisha mwishoni Manka aweke mkono kwenye swichi, tumwone kwa nyuma, mabega tu. Kata. Asubuhi. Anashuka kwenye bodaboda upande wa Rombo. Migomba imejikunja majani, vumbi linamfuata hadi uani. Dada anatoka na beseni, anasimama. Kamera haiendi usoni mwa Manka. Inashuka mkononi mwake: jani la isale, limefungwa fundo, limeanza kunyauka kwa safari. Dada analiona kabla hajaiona sura. Basi, hapo hapo.

Kurasa 4 za baba mdogo zimo zote ndani ya jani hilo. Amekiri, hatujui kama aliuzima, hatujui kama atasamehewa. Linalobaki ni sauti, na hapo mkae na baba mdogo mbishane mpaka chai ipoe. Tangu mwanzo wa filamu mtambo unanguruma mbali, chini ya kila kitu. Pale uani kwa dada, mngurumo usikike au usisikike? Ukisikika, ameomba radhi huku bado anakunywa maji yao. Usiposikika, amekuja mikono mitupu na Moshi imeanza kukauka nyuma yake. Au usikike upepo tu, na kila mtu aende nyumbani na wake. Mimi nina ninaoutaka, sikuambii.

Udhaifu wa njia hii nao useme kwa wenzako waziwazi. Inategemea waigizaji wawili wenye uwezo wa kunyamaza, na waigizaji hao ni adimu kuliko mlipuko. Na ile sekunde 20 ya bibi ikikatwa kwenye uhariri ili kuokoa muda, mwisho wote unaanguka.

Kuhusu ruhusa, hapa sibembelezi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mwenye haki ya kuruhusu kitabu kigeuzwe filamu ni mwandishi, na haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mbali na hiyo, mwandishi anaweza kupinga kazi yake ikipotoshwa kiasi cha kumvunjia heshima. Kwa hiyo "baba mdogo amekubali, aliniambia tukiwa jikoni" haitoshi. Andikianeni ukurasa mmoja: unachukua kitabu kipi, filamu ya dakika ngapi, mwisho utaamuliwa na nani, jina lake litaandikwaje, na ikipatikana fedha mgao ukoje. COSOTA ndio wanaoshughulika na hakimiliki, waulizeni kabla hamjaanza. Kibali cha kupiga picha kinahusu Bodi ya Filamu, na afisa utamaduni wa halmashauri yako atakuelekeza pa kuanzia. Uwanda kati ya Kibo na Mawenzi uko ndani ya hifadhi, usipande na kamera kabla hujazungumza na TANAPA. Pigeni nje ya hifadhi, ukungu hata Marangu upo.

Iwapo baba mdogo atakataa katakata, au akatokea mfadhili mwenye mkataba wa kurasa nyingi, acha kuniandikia mimi, nenda kwa wakili ana kwa ana na karatasi zote mkononi. Na kama kuna ugomvi wa zamani wa kifamilia chini ya hili la kitabu, jambo ambalo naanza kulihisi kwa jinsi alivyokasirika kwa ukurasa mmoja tu, tafuta mzee wa ukoo mwende naye.

Skripti ikifika rasimu ya pili, nitumie kurasa 3 za mwisho na 3 za kwanza. Lakini baba mdogo azisome kabla yangu. Nenda kwake jioni, baada ya taarifa ya habari, mwombe akusomee zile kurasa 4 kwa sauti yake mwenyewe, na wewe uandike kila mahali anapopumua. Na ukiwa njiani, pitia mpakani mwa kihamba ukate jani la isale. Kama amekasirika kweli, utalihitaji kabla ya Manka.